Mashine Inayofundishwa ni Jasho la Nani?

Husemwa siku hizi kwamba mashine zinajifunza zenyewe, kana kwamba elimu huota ndani ya chuma. Historia inaikanusha kauli hiyo.

Mwezi Julai 1958, Frank Rosenblatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyegharimiwa na Jeshi la Maji la nchi hiyo, aliwaonyesha waandishi wa habari mpango wake wa perseptroni. Kompyuta ilipewa kadi zenye alama kushoto au kulia. Ilipokosea, ilisahihishwa, baada ya majaribio 50 ikaweza kuzitenganisha.

Jambo la msingi ni lipi? Mashine haikuandikiwa kanuni ya kutenganisha kadi. Ilipewa mifano pamoja na majibu, ikapunguza makosa hatua kwa hatua mpaka ikaukaribia uhusiano uliopo kati ya swali na jibu. Kwa uhusiano huo ndipo inapobashiri jibu la mfano ambao haijapata kuuona.

Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walithibitisha mipaka ya mashine ya safu moja: haiwezi hata kutenganisha hali ya "kimoja tu kati ya viwili" na hali ya "vyote au hakuna". Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walionyesha jinsi ya kusahihisha safu nyingi kwa kulirudisha kosa nyuma. Mwaka 1989 George Cybenko alithibitisha kuwa hata safu moja ya kati, ikiwa na viungo vya kutosha, yaweza kuukaribia uhusiano wowote usiokatika.

Lakini hesabu haizai mifano. Mifano ilitoka wapi? Mkusanyo wa ImageNet, uliotangazwa mwaka 2009, ulifikia picha zaidi ya milioni 14, zilizoainishwa na vibarua wa nchi nyingi kwa ujira wa kipande. Mwaka 2023 iliripotiwa kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na kuyawekea alama, ili mashine ijue kuyakataa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mashine hubashiri kesho kwa kufuata jana. Ikifundishwa kwa kumbukumbu za dhuluma, itaiendeleza dhuluma kwa jina la hesabu. Pili, maarifa yaliyomo ndani yake ni kazi ya watu iliyolimbikizwa.

Basi kada akiletewa mashine ya kubashiri mavuno au magonjwa, asiishie kuuliza inapatia mara ngapi. Aulize pia: nani aliifundisha, kwa ujira gani, na nani anaimiliki?