Hukumu ya Najashi

Ndugu msikilizaji, sisi Wakristo huliimba neno "neema" kila Jumapili. Tatizo huanza Jumatatu, anapobisha hodi mtu asiyeimba nasi. Kwa hiyo wiki hii naomba tuvuke Bahari ya Shamu, turudi nyuma karne 14.

Mnamo mwaka 615 Waislamu wa kwanza walikuwa wachache mjini Makka, wakiteswa na jamaa zao wenyewe, Makureshi. Mtume Muhammad akawashauri wakimbilie Uhabeshi, katika dola ya Axum, ambako Ukristo ulikuwa dini ya wafalme tangu karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana. Lilivuka kundi dogo, kisha likafuata kubwa, hata wakafika wanaume zaidi ya 80, mbali na wake na watoto.

Waandishi wa kale wa Kiislamu wanasimulia kwamba Makureshi waliwafuatiza wajumbe wawili, mmoja wao Amr bin Al-As, wakiwa na ngozi nzuri za zawadi. Waliwapa kwanza wakuu wa baraza, kisha mfalme, aliyeitwa Najashi. Ombi lao lilikuwa moja: wakimbizi warudishwe bila kusikilizwa.

Wakuu waliafiki. Najashi akakataa kuwatoa watu waliochagua kukimbilia kwake kabla hawajajieleza wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akasimama kuwasemea wenzake, akasoma aya za sura ya Maryam. Mfalme na maaskofu wakatokwa na machozi.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kitamu lakini chepesi. Ni rahisi kumpenda mgeni anapotaja lile tunalolipenda. Kesho yake Amr alirudi na mtego: waulizeni watu hawa wanasema nini juu ya Yesu! Jaafar alijua hatari iliyokuwapo, lakini hakuficha. Alisema Isa ni mtumwa wa Mungu, mtume wake na neno lake. Hakumwita Mwana wa Mungu. Maaskofu wakaguna.

Hata hivyo Najashi aliwahakikishia wakimbizi usalama, akaamuru zile ngozi zirudishwe kwa wenyewe. Baadhi yao walikaa Uhabeshi hadi mwaka 628.

Wapo wanaosema Najashi alisilimu baadaye, na wapo wanaobisha. Mimi siingii humo. Ninalolishika ni kwamba baraza lile lilikuwa la Kikristo, tofauti ya imani ilitamkwa waziwazi mbele yake, na mgeni hakufukuzwa. Kumbe neema haituombi tujifanye hatutofautiani. Inatuomba tusimtoe mtu kwa adui zake kwa sababu ya tofauti hiyo.

Katika kazi hii ya utangazaji nimewahoji wakimbizi wengi. Nimeona swali la kwanza wanaloulizwa ni "wewe ni wa wapi, wewe ni nani?" Mara chache wanaulizwa, "unakimbia nini?" Najashi alianza kwa kutega sikio, na zawadi za wajumbe hazikumziba.

Waislamu hawakuusahau wema huo. Najashi alipofariki, Mtume alimsalia akiwa mbali. Na karne nyingi baadaye, Desemba 2015, wenye silaha walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mwa Kenya, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, mwalimu, alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016 kwa majeraha hayo.

Sidai kwamba abiria wale walikuwa wakimkumbuka Najashi. Nasema tu kwamba walijibu swali lile lile, tena bila askari wala kiti cha enzi. Nasi Wakristo, tukijibiwa hivyo, hatuna budi kujiuliza: siku tutakapotakiwa kumtoa jirani asiyesali nasi, tutazipokea ngozi au tutazirudisha?

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, amani iwe kwenu.