Ziara ya Hispania huanza na kalenda

WANAOKUSUDIA kuzuru Madrid, Sevilla na Granada katika majira ya kuchipua, hawana budi kwanza kutazama tarehe ya Pasaka. Wiki Takatifu hujaza hoteli za Sevilla na kupandisha bei.

Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Treni ya mwendo kasi, iliyozinduliwa mwaka 1992, huunganisha Madrid na Sevilla kwa takriban saa mbili na nusu.

Mjini Granada, tiketi ya ngome ya Alhambra huonyesha saa ya kuingia makasri ya wafalme wa ukoo wa Nasri. Ikishapatikana, ndipo siku za miji mingine zipangwe.