Nyumba ya Scott Joplin katika Jiji la St. Louis

Mwanahistoria hutafuta ushahidi katika hati, lakini yafaa kukumbuka kwamba nyumba nayo ni ushahidi. Katika mtaa wa Delmar, uliojulikana zamani kwa jina la Morgan, jijini St. Louis nchini Marekani, imehifadhiwa nyumba ya matofali iliyojengwa katika karne ya 19. Humo mtunzi mweusi Scott Joplin alipanga pamoja na mkewe Belle mwanzoni mwa karne ya 20, hadi 1903.

Joplin alizaliwa yapata 1868, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1899 kilichapishwa kibao chake “Maple Leaf Rag”, kwa mkataba uliompatia senti moja kwa kila nakala iliyouzwa. Pato hilo dogo lilimwezesha kujitoa kidogo katika kazi ya kupiga piano vilabuni na kushika kalamu. Ndipo alipotunga, miongoni mwa vingine, “The Entertainer” (1902). Muziki huo, uitwao regitaimu, una utaratibu wake: mkono wa kushoto hushika mapigo sawasawa, na wa kulia huyakatiza.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya pekee ya kulitazama jiji hilo. Mwaka 1904 lilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa. Joplin alitunga “The Cascades” kwa kuyasifu maporomoko ya maji yaliyotengenezwa huko. Katika maonyesho hayohayo Ota Benga, kijana aliyetolewa Kongo, aliwekwa pamoja na wenzake ili umati uwatazame kama viumbe vya ajabu. Mtu mweusi mmoja aliusifu uwanja ambamo mwingine alinyimwa utu.

Nyumba yenyewe ilitambuliwa na serikali kuu kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1976, ikaokolewa na wakazi weusi wa eneo hilo isibomolewe, kisha mwaka 1991 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya jimbo la Missouri. Lakini opera “A Guest of Honor”, ambayo Joplin aliizungusha mwaka 1903, nakala yake haijapatikana hadi leo.

Kuta zimeokoka, kazi imepotea. Basi kuyatunza makao ya msanii hakutoshi, iwapo karatasi zake zimeachwa zipotee. Jambo hilo latuhusu sisi pia, tulio na watunzi wengi na hifadhi chache.