Stata Inapiga, Injini Haishiki

Ukizungusha ufunguo na pikapu isitoe hata mlio, hiyo ni kesi ndogo. Betri imeisha ama waya umelegea, na jirani yeyote mwenye nyaya za kuazima moto atakutoa. Kesi ngumu ni ile nyingine: stata inapiga vizuri, injini inazunguka, lakini haishiki. Ukisimama Kirinyaga Road, ambayo Nairobi bado inaiita Grogan, utausikia mlio huo na utaona mafundi wawili watatu wameinamisha vichwa, wanasikiliza.

Mimi niliacha chuo bila karatasi, kwa hivyo swali la nani anaruhusiwa kujua kitu linanigusa. Historia ya hii shida ndogo ni historia ya hilo swali.

Magari ya kwanza yalizungushwa kwa mkono, kwa chuma kilichopinda kinachoitwa hendeli. Aliyezungusha alihisi kwenye bega lake kama injini ina mgandamizo. Alihisi pia hatari, maana injini ikiwaka kabla ya wakati ilirudisha hendeli kwa nguvu na kuvunja mkono. Aliyebadilisha mambo ni Charles Kettering, mhandisi wa Ohio, Marekani. Cadillac za 1910 zilitumia mfumo wake wa kutoa cheche kwa betri. Modeli za 1912 zikaongezewa stata yake ya umeme, na Ford Model T ikafuata 1919.

Hapo kazi mbili zikatengana. Kuzungusha injini ikawa jambo moja, kuiwasha jambo lingine, na dereva akabaki ameketi bila kuhisi chochote mkononi. Alihitaji mtu wa kumuuliza injini maswali kwa niaba yake.

Kenya, mtu huyo alikuwa fundi wa jua kali, na Peugeot ilikuwa moja ya shule zake. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Nje ya mashindano, pikapu zao zilibeba watu, maziwa, kabeji na mbuzi, na zilipokataa kushika, maswali yalikuwa matatu: hewa ipo? Mafuta yanafika? Moto upo?

Majibu hayakuhitaji mashine. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini, mwambie mwenzako apige stata. Cheche ya samawati inayolia, moto upo. Cheche dhaifu ya manjano, ama hakuna kabisa, anza na pointi za distribyuta, uzipitishe msasa. Plagi ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika na hayachomwi. Ikitoka kavu, fuata bomba kutoka kabureta hadi kwenye tangi.

Dizeli ilileta somo lingine. Kiwanda cha General Motors cha Nairobi, ambacho serikali ilikuwa na hisa ndani yake, kilianza kuunganisha magari 1977, na Isuzu ndiyo ikawa jina lake kubwa. Dizeli haina cheche. Hewa inagandamizwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hivyo fundi alijifunza kuangalia egzosi wakati stata inapiga. Moshi mweupe maana yake mafuta yanaingia lakini hayawaki, pengine plagi za joto zimekufa. Bila moshi wowote, mafuta hayafiki: legeza nati za bomba za nozeli, pampu kwa mkono, toa hewa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosaidia kueneza neno "sekta isiyo rasmi" ulimwenguni. Mimi naona jina hilo linaficha kitu. Utaratibu niliouandika hapo juu una mpangilio, una jaribio, una hitimisho. Kilichokosekana ni karatasi.

Halafu kompyuta ikaingia chini ya boneti. Kwanza ilikuja kwa sababu ya moshi: Marekani ililazimisha magari ya modeli ya 1996 kuwa na soketi moja ya kawaida ya kusoma hitilafu, ili hewa chafu idhibitiwe. Soketi hiyo ilimpa fundi njia ya kuingia. Kisha ikaja kwa sababu ya wizi: kuanzia Oktoba 1998, Umoja wa Ulaya ulitaka kila gari dogo jipya liwe na kizuizi cha kielektroniki. Kompyuta isipoutambua ufunguo, injini inanyimwa ruhusa ya kuwaka.

Hapo maswali matatu ya zamani hayatoshi. Hewa ipo, mafuta yapo, kila kifaa ni kizima, na gari inakataa kwa sababu imeagizwa ikatae. Siri ya kuisamehe iko kwa aliyeitengeneza. Ndiyo maana mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kulazimisha watengenezaji wawape mafundi huru taarifa na vifaa vile vile wanavyowapa mafundi wao.

Sisi hatukupiga kura hiyo. Na gari za mtumba zinaruhusiwa kuingia Kenya mpaka zifike miaka 8, kwa hivyo fundi wa Grogan hukutana na mfumo mpya wakati ni mzee kwa wenyewe, dhamana imeisha, na ufunguo wa pili umebaki Japan. Anajifunza kwa kununua mashine ya kusomea kodi na kwa kuuliza fundi mwenzake.

Lakini kodi si jibu. P0335 inasema kuna tatizo kwenye saketi ya sensa ya kranki. Haisemi kama ni sensa yenyewe, kutu kwenye plagi ya waya, ama panya aliyekula waya. Anayekimbilia duka kununua sensa anakisia kwa pesa yako. Fundi mzuri anasoma kodi, kisha anachukua mita na kufuata waya sentimita kwa sentimita, kama vile aliyemfundisha alivyofuata bomba la petroli la 404.

Kwa hivyo pikapu yako ikikataa kushika, usianze na "ni pesa ngapi?" Muulize fundi amejuaje. Akikuonyesha plagi iliyolowa, moshi mweupe, ama taa ya ufunguo inayomemeta kwenye dashibodi, kaa hapo umsikilize.