Mpanda Farasi Aliyeshuka Kufundisha

Ndugu zetu watu wa Amu, mlio kisiwani na mlio mbali na nyumbani,

Katika mkutano wetu wa mwaka lilitolewa pendekezo kwamba sehemu ya harambee hii itengwe kwa ajili ya mafundi wetu wakongwe, wapewe posho ili wafundishe vijana uchongaji wa milango na uundaji wa majahazi. Pendekezo hilo lilizua mabishano. Mzee wetu mmoja alisimama akauliza: "Jengo likijengwa sote tutaliona. Fundi akifa, pesa zetu zitakuwa wapi?" Siku ile hakuna aliyemjibu vizuri. Sisi wa kamati ya fedha, ambao wengine wetu kazi yetu ni uhasibu, tulimwelewa sana. Sisi ndio tunaokumbushana kila siku kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Saruji ina risiti, na bati lina risiti. Alichokitia fundi kichwani mwa kijana hakina risiti.

Jawabu tumelipata katika historia ya mtu wa mbali, Bertalan de Némethy. Yeye alikuwa mtu wa farasi na sisi ni watu wa punda, lakini tunaamini kisa chake kitaeleweka kwetu.

Alizaliwa Hungaria mwaka 1911. Zama zile mchezo wa farasi huko Ulaya ulikuwa mikononi mwa majeshi, naye akawa ofisa wa kikosi cha wapanda farasi, kisha akapelekwa kusoma zaidi katika shule ya kijeshi ya upandaji huko Hannover, Ujerumani. Mchezo wake ulikuwa kuruka vizuizi. Mpanda huingia uwanjani na farasi wake, akavuka vizuizi zaidi ya kumi vilivyopangwa kwa kona na masafa tofauti. Gongo moja likianguka huandikiwa makosa manne, na mwenye makosa machache ndiye mshindi.

De Némethy aliteuliwa katika timu ya nchi yake kwa Olimpiki ya mwaka 1940. Michezo hiyo ilikuwa imepangiwa Tokyo, ikahamishiwa Helsinki, mwisho ikafutwa kwa sababu ya vita. Vita vilipokwisha, maisha aliyoyajua nyumbani yalikuwa yamekwisha pia. Akaishi Denmark, na mwaka 1952 akahamia Marekani. Alikuwa amevuka miaka arobaini, na hakuwahi kupanda farasi hata siku moja katika Olimpiki.

Huko Marekani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Jeshi lao lilikuwa limeacha kupeleka timu ya farasi baada ya Olimpiki ya mwaka 1948, na mwaka 1950 raia wakaunda chombo chao wenyewe cha kuendesha timu ya taifa. Hakikuwa na hazina ya serikali nyuma yake; kilitegemea michango ya watu, kama chama chetu. Mwaka 1955 chombo hicho kilimwajiri de Némethy kuwa kocha wa timu ya kuruka vizuizi.

Aliwakuta vijana hodari na wenye moyo, lakini kila mmoja alipanda kwa namna yake. Hakuanza kwa kuwarusha vizuizi virefu. Aliwarudisha chini kabisa: kukaa sawasawa juu ya farasi, kupanda bila vikuku vya miguu mpaka mwili upate mizani wenyewe, kumzoeza farasi kwenye ardhi tambarare asikilize mguu na hatamu. Kisha alilaza magongo karibu na ardhi kwa masafa aliyoyapima, ili farasi ajifunze kuhesabu hatua zake kabla ya kuruka. Aliyewahi kutazama mbio za punda katika tamasha letu anajua maana yake. Mara nyingi kijana hushindwa si kwa kuwa punda wake hana mbio, bali kwa kuwa yeye na punda hawajaelewana.

Sasa tuifungue hesabu yake kama tunavyofungua daftari. Olimpiki ya kwanza chini yake, mwaka 1956, timu ya kuruka vizuizi ilirudi bila medali. Mwaka 1960 huko Roma walipata fedha ya timu. Mwaka 1964 huko Tokyo wakarudi tena mikono mitupu. Hapo ndipo waliotoa michango wangeweza kusema: miaka tisa, medali moja, huyu mtu anatula pesa. Lakini walimwacha aendelee. Mwaka 1968 huko Mexico City, William Steinkraus, akiwa juu ya farasi Snowbound, alichukua dhahabu ya mpanda mmoja mmoja, na hapakuwahi kuwa na Mmarekani aliyeipata kabla yake katika mchezo huo. Mwaka 1972 huko Munich timu ilikosa dhahabu kwa robo ya alama tu: Ujerumani Magharibi makosa 32, Marekani 32.25.

De Némethy aliacha ukocha mwaka 1980, baada ya miaka 25. Dhahabu ya timu hakuipata. Mtu angefunga daftari hapo, angeandika kwamba lengo halikutimia.

Lakini aliyeshika nafasi yake alikuwa Frank Chapot, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyekuwemo katika timu za fedha za Roma na Munich. Na mwaka 1984, katika Olimpiki ya Los Angeles, timu ya Marekani chini ya Chapot ilichukua dhahabu ya timu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Siku hiyo mwalimu alikuwepo pia, kwa kazi nyingine: yeye ndiye aliyevipanga vile vizuizi. Alifariki mwaka 2002, na namna yake ya kufundisha ilikuwa imeshaenea kwa wanafunzi wa wanafunzi wake.

Mzee wetu, hili ndilo jawabu letu. Mwalimu akiondoka, pesa zipo kwa aliyefundishwa, naye huzaa mwingine. Ukitaka kuziona, tembea mtaani kwetu. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nakshi za milango yetu zilichongwa na mikono, na kila mkono ulifundishwa na mkono uliotangulia. Majahazi ya Matondoni nayo ni vivyo hivyo. Kuta zile na milango ile ndiyo risiti ya walimu ambao majina yao tumeyasahau. Leo tunalo jengo tunaloweza kupaka rangi kila mwaka, lakini fundi akifa kabla hajapata mwanafunzi, hakuna harambee itakayomrudisha.

Hatusemi tuache kujenga. Tunasema sehemu ya mchango wako mwaka huu iende kwa mtu: posho ya fundi, zana na mbao za kufanyia mazoezi, na chakula cha mchana cha vijana, kwani kijana mwenye njaa huenda kutafuta kibarua. Nasi hatuombi imani tupu. Kila mwaka, pamoja na hesabu za fedha, tutawaletea orodha ya vijana walioanza, walioendelea na walioacha, na kazi ambayo kila mmoja ameimaliza kwa mkono wake. Mwaka ambao hakuna cha kuonyesha, tutaandika hivyo hivyo, kama ilivyokuwa mwaka 1956 na mwaka 1964.

Tunawaomba jambo moja tu zaidi ya mchango, nalo ni subira. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Fomu ya ahadi imo katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ijaze, na umpe jirani yako asome.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Fedha