Aliyekuja Baada ya Arobaini

Siku chache baada ya arobaini ya kaka yangu, mwaka 2010, alikuja nyumbani mtu mmoja mwenye kanzu safi na sauti ya upole. Alimwambia mama kwamba angeweza kumleta marehemu tuzungumze naye, usiku mmoja tu, kwa malipo tunayoyamudu. Nilikuwa na miaka 17. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya pazia la mlango, na moyoni nilishakubali.

Nilishawahi kumwona mtu wa aina ile. Nilimwona kwenye katuni, na aliyenionyesha alikuwa kaka mwenyewe.

Katuni hiyo ni D.Gray-man, kazi ya Katsura Hoshino, msanii wa kike mzaliwa wa mkoa wa Shiga, Japani. Ilianza kuchapwa Mei 2004 katika Weekly Shōnen Jump, jarida la kampuni ya Shueisha ya Tokyo. Wajapani huziita hadithi za picha za namna hii manga, neno lisilohusiana na Manga ile ya pilipili. Kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2008, studio ya TMS Entertainment iliigeuza kuwa vipindi 103 vya televisheni. Sisi tuliipata kwenye CD za kuchoma, wahusika wakiongea Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo kaka alinitafsiria kwa sauti, mstari kwa mstari, akiigiza kila mhusika.

Hadithi inatokea katika karne ya 19 ya kubuni, na zaidi Ulaya. Inawafuata wapunga pepo wanaovaa makoti meusi na kupigana na viumbe waitwao akuma, neno la Kijapani lenye maana ya shetani. Lakini akuma wa Hoshino hawatoki kuzimu. Panapokuwa na msiba, hutokea bwana mmoja mnene mwenye kofia ndefu na tabasamu lisilofutika. Kaka alimwita Mwinyi wa Milenia. Humwendea mfiwa kwa adabu na kumuuliza kama angependa mpenzi wake arudi. Mfiwa akiliita jina, roho ya marehemu hurudi kweli, ikanaswa ndani ya kiunzi cha chuma. Kisha Mwinyi huiamuru imuue yule yule aliyeiita na kuvaa ngozi yake.

Mhusika mkuu, Allen Walker, alishafanya kosa hilo. Alikuwa yatima aliyelelewa na Mana, msanii wa kutembea mji hadi mji. Mana alipofariki, mtoto alikaa kaburini, Mwinyi akamfikia, naye akaita. Alinusurika kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu asiyoijua, na mkono huo ukamwangamiza baba aliyekuwa amemrudisha. Jicho lake la kushoto lilibaki na laana: linaziona roho zilizofungwa ndani ya akuma, jinsi zinavyoteseka. Kwa hiyo kwa Allen kupunga pepo ni kuifungulia roho iende zake. Kwetu pwani, pepo anayepungwa ni mgeni aliyempanda mtu. Katika hadithi hii pepo ni mtu wako mwenyewe, na wewe ndiye uliyemleta.

Miaka kadhaa baadaye nilianza kusoma kuhusu Japani, nikitaka kujua wazo hili lina ndugu gani. Nchi hiyo ilikuwa na wapunga pepo wake, onmyoji, na maarufu kuliko wote ni Abe no Seimei wa karne ya 10. Hawakuwa waganga wa vichochoroni. Walikuwa na idara serikalini, wakitazama nyota, wakipanga kalenda na kuwakinga wakubwa na mabaya. Serikali ya Meiji iliifuta idara hiyo mwaka 1870. Mwaka 1873 serikali hiyo hiyo iliondoa mabango yaliyopiga marufuku Ukristo, marufuku iliyodumu zaidi ya miaka 250. Kwa hiyo mpunga pepo wa kienyeji alifungiwa ofisi katika miaka ile ile ambayo msalaba ulianza kuonekana hadharani. Hoshino aliwavalisha mashujaa wake misalaba, lakini mimi naona moyo wa hadithi yake umebaki Japani.

Kila mwaka, mahali pengi katikati ya Agosti, Wajapani huadhimisha Obon, siku za kuzipokea roho za wahenga nyumbani. Wengine huwasha moto wa kuwapokea, na siku zikiisha huwasha mwingine wa kuwasindikiza. Kyoto, jirani na Shiga alikozaliwa Hoshino, tarehe 16 Agosti mioto mikubwa huwashwa kwenye milima mitano. Sidai kwamba ndiko alikolitoa wazo. Nasema tu kwamba nilipoisoma Obon nilielewa kosa la Allen: alimpokea Mana bila kukubali kwamba angeondoka tena.

Hata katuni yenyewe iliwahi kurudishwa. Vipindi 103 vilikwisha hadithi ikiwa katikati. Manga ilitoka kwenye jarida la kila wiki mwaka 2009, ikasimama kuanzia 2013, ikarejea 2015 katika jarida lililokuwa likitoka mara nne kwa mwaka. Julai 2016 ikaja anime mpya, D.Gray-man Hallow, vipindi 13. Sauti zilibadilishwa: Allen wa Sanae Kobayashi sasa alikuwa wa Ayumu Murase. Niliitazama peke yangu kwenye kompyuta. Sikuwa na ugomvi na Murase. Kilichonikera ni kwamba maandishi ya Kiingereza nilikuwa nayaelewa yote, wala hapakuwa na haja ya mtu wa kunitafsiria.

Mama alimsikiliza yule mgeni wa kanzu hadi mwisho, akamtilia chai. Kisha akasema, "Baba yangu, mwanangu nimemsindikiza vizuri. Siwezi kumsumbua arudi njia yote ile." Mgeni alikunywa chai yake akaenda. Kwa wiki kadhaa sikumsemesha mama ila kwa salamu.

Mwaka jana nilimwonyesha kwenye simu picha za milima ya Kyoto ikiwaka usiku. Akauliza wanachoma nini. Nikamwambia wanawasindikiza wafu wao.

Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu. "Kumbe na wao," akasema.