Aljubarrota: Vita vilivyoiokoa ‘r’ ya gereza

NILIPOKUWA nikifundisha ukopaji wa maneno, mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Profesa, ‘gereza’ tulilipata kwa Wareno au kwa Wahispania? Si Fort Jesus ilijengwa Ureno ikiwa chini ya mfalme wa Uhispania?”

Swali zuri hilo. Ujenzi wa ngome hiyo ya Mombasa ulianza 1593, na kati ya 1580 na 1640 Ureno ilitawaliwa na wafalme wa Uhispania. Lakini neno lenyewe linajieleza. Kanisa kwa Kihispania ni ‘iglesia’. Kwa Kireno ni ‘igreja’. Basi ‘r’ ya gereza, neno lililoitwa ngome kabla ya kuitwa jela, ni ya Kireno.

Mbona Kireno hakikumezwa? Hebu turudi hadi Agosti 14, 1385.

Mfalme Fernando wa Ureno alifariki 1383 bila mwana wa kiume. Bintiye Beatriz alikuwa ameolewa na Juan wa Kwanza, mfalme wa Castile, aliyedai Ureno sasa ni yake. Hoja zilitangulia panga. Katika baraza la Coimbra, Aprili 1385, mwanasheria João das Regras alitetea kuwa kiti kiko wazi, na wajumbe wana haki ya kuchagua. Wakamchagua João wa Avis, nduguye Fernando kwa baba.

Juan akaja na jeshi kubwa mno. Wareno, takriban 7,000 wakiwamo wapiga mishale wa Uingereza, walimsubiri karibu na Aljubarrota. Kamanda wao, Nuno Álvares Pereira, alichagua uwanja mwembamba uliobanwa na vijito, wakachimba mashimo na mahandaki. Watu wa Castile walisongamana humo wakauawa kwa wingi. Kufikia machweo, Juan alikuwa mbioni.

Sasa tazama Galicia, kaskazini mwa Ureno. Zama hizo Kigalisia na Kireno vilikuwa lugha moja. Galicia ilibaki chini ya Castile, na lugha yake ikasukumwa nje ya ofisi na vitabu kwa karne kadhaa. Kireno kilikaa ikulu, mahakamani na merikebuni. Kufikia 1580 kilikuwa na mizizi ambayo mfalme wa kigeni hakuweza kuing’oa.

Ndiyo maana hushangaa nikisikia ati Kiswahili kitajilinda kwa wingi wa wasemaji. Kigalisia hakikukosa wasemaji, kilikosa ofisi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Je, barua ya mwisho iliyotoka ofisini mwako iliandikwa kwa lugha gani?